Michezo ya Uani na Mheshimiwa

Jumapili, 2 Juni

Leo nimeanza! Nimevaa mabuti ya marehemu na soksi mbili mbili, maana mguu wa mume wangu ulikuwa mguu kweli. Nikamtoa farasi wake, Mheshimiwa, bandani, nikamwambia: haya baba, sasa tumebaki mimi na wewe.

Simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Yule mama wa kwenye video, mwenye kofia, anasema mazoezi haya ni ya kufurahisha, mtu anayafanya nyumbani na farasi wake, wala si lazima kumpanda. Afadhali. Kumpanda sitaki hata kwa dawa. Zoezi la kwanza ni kumpitisha juu ya fito zilizolazwa chini. Nimetumia zile zilizobaki tulipojenga banda. Amepita bila kugusa hata moja. Mkubwa vile, mzito vile, ananyanyua miguu kama mtu anayepita sebuleni palipodekiwa sasa hivi!

Jioni shemeji amepiga simu. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua, ana mtu wake wa kumuuzia. Farasi yule alikuwa wa kaka yake, anasema, alimjua kaka yake tu, mwanamke peke yake atamwezea wapi. Nikamwambia njoo, ila uje kwanza umwone anavyofanya kazi na mimi. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

Simwachii. Humu ndani ukiniondoa mimi, ni Mheshimiwa tu anayepumua.

Jumanne, 4 Juni

Nimemaliza kushona sare za shule ya jirani, nikakimbilia uani. Leo ndoo zilizopinduliwa, tunapita katikati yake, kushoto, kulia, kushoto. Bila kamba! Ananifuata mwenyewe. Nikisimama, anasimama.

Halafu akaweka kidevu begani kwangu. Akaegemea. Uzito wote ule. Sijaegemewa na mtu tangu msibani, na pale waliniegemea kwa sababu walikuwa wamechoka kusimama. Nimelia kidogo, nakubali. Nikasogea ili akae vizuri. Akasogea naye. Nikasogea tena. Tumekwenda hivyo hivyo mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta wa banda, na hapo nikaishiwa pa kwenda. Nimecheka peke yangu kama chizi.

Ilibidi nipenye chini ya shingo yake ili nitoke. Hakupenda. Lakini alinipisha — baadaye.

Jumamosi, 8 Juni

Turubai limetushinda. Unalitandaza chini, farasi anapita juu yake ili azoee vitu vinavyopiga kelele. Mheshimiwa akalitazama, akanitazama mimi, akalaza masikio nyuma, akapiga kwato chini, puu! Nikalikunja haraka. Ya nini kugombana asubuhi? Nikamletea mpira mkubwa, akausukuma kwa pua ua mzima. Huo ndio mchezo sasa.

Binti yangu amepiga. Mjukuu anafunga shule, na yeye zamu zake za wodini zimembana, hana wa kumwachia mtoto. Atamleta Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili. Likizo nzima! Nimeruka na simu yangu. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti ya kuuguza watu: yule farasi vipi, mama, una uhakika naye? Nikamwambia mpole kama mto wa kochi. Akasema haya, maana mtoto mwenyewe hana neno lingine mdomoni ila farasi, farasi, farasi.

Jumatatu, 10 Juni

Amenikanyaga. Kidole gumba. Nilichelewa kusogea, kosa langu. Cherehani ya kukanyaga na kidole kilichovimba — afadhali nisiandike ninavyoitukana.

Leo hakuna mazoezi.

Alhamisi, 13 Juni

Fundi wa kwato amekuja. Mtu wa majigambo, ananukia sigara na anajiita profesa, lakini hakuna mwingine huku. Nilimwambia mapema kwamba sasa hivi farasi ananisikiliza kuliko alivyomsikiliza marehemu. Akaguna.

Kwato ya kwanza sawa. Ya pili, Mheshimiwa akamwegemea mpaka profesa akapiga magoti. Ya tatu, hakumpa kabisa. Akageuza makalio, akatulia hivyo, mkia umebanwa. Nikamwita kwa sauti tamu. Nikampa karoti ili apoe. Fundi akawa anakusanya vyombo vyake.

"Mama, huyu amebadilika," akasema. "Zamani alikuwa anaomba ruhusa. Sasa anatoa."

"Ruhusa gani? Ana wasiwasi tu, hajakuzoea."

"Wasiwasi ninaujua. Huyu hana wasiwasi wowote." Akafunga mkoba wake. "Mimi nitarudi mkishaelewana ninyi wawili. Na hiyo karoti, umempa kwa kazi gani?"

Mtu mwenye kelele! Kwato mbili zimekatwa, mbili bado, anatembea akichechemea kama mimi na kidole changu. Tunafanana sasa.

Jumapili, 16 Juni

Jana nilimrekodi Mheshimiwa tukizunguka ndoo, nikamtumia binti ili mtoto aone. Nilitegemea sifa. Leo amepiga. Amesema aliitazama video bila sauti, kisha akairudia.

"Mama, usikasirike."

Ukishaambiwa hivyo, umekwisha kukasirika.

"Mbona wewe ndiye unayerudi nyuma?"

Nikamwambia mimi ndiye mwenye kufundisha, yeye ajali sindano zake. Nikakata simu. Nikashona mfuko wa sare juu chini.

Baadaye nikaifungua video. Anakuja, napisha. Anageuza kichwa, nazunguka. Anasogeza bega, mimi huyo pembeni, tena natabasamu! Ndoo zenyewe simwongozi, ananisukuma kuzipita. Ni kama amenifunga kamba nisiyoiona.

Nikamrudia yule mama wa kofia, ile sehemu ya mwanzo niliyoiruka kwa sababu ilikuwa maneno matupu. Anasema farasi hajifunzi unapomkazia, anajifunza pale unapomwachia. Chochote alichokuwa akifanya dakika ile ulipoachia, hicho ndicho ulichomfundisha.

Mimi niliachia lini? Alipolaza masikio, nikakunja turubai. Alipoegemea, nikasogea. Alipomgeuzia fundi makalio, nikampa karoti. Ya Rabi. Nimemfundisha vizuri sana!

Marehemu alikuwa akisimama tu. Nakumbuka. Anasimama katikati ya ua na mikono mfukoni, farasi anakuja, anafika, anasimama, anarudi mwenyewe. Mimi dirishani na uzi mdomoni, nasema moyoni, mwanaume mvivu huyu hata kusogea hawezi. Kumbe ile ndiyo kazi yenyewe.

Jumatano, 19 Juni

Leo nilisema sisogei. Ng'o!

Alikuja, nikasimama. Alifika, nikasimama. Akanusa kifua changu, polepole, pua ikapanda begani. Kisha akaniuma. Mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Si kule kuuma kwa kuonja kama ndama. Alishika, akatikisa, akaachia. Na mimi nikakimbia mpaka jikoni, nikafunga mlango kwa komeo, nikakaa sakafuni.

Alibaki amesimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi. Saa nzima hajatoka.

Pamekuwa bluu kama wino. Mchana nimejikatia blauzi ya mikono mirefu. Jua linawaka, na mimi nimejifunga vifungo mpaka kwenye kiganja.

Binti ameandika ujumbe: yule farasi je? Nikamjibu tumemaliza tatizo, kulikuwa na mambo madogo tu. Nimeutuma kabla sijausoma mara ya pili. Nikimwambia ukweli hamleti mtoto. Na akishajua yeye, shemeji anajua, hao wawili hawafichani kitu.

Nataka mjukuu wangu aje. Nataka na farasi abaki. Ni makubwa hayo ninayoyataka?

Ijumaa, 21 Juni

Shemeji ametokea bila taarifa. Amekuja kukagua kabla ya kumleta mnunuzi.

"Haya shemeji, nionyeshe hayo maajabu yako."

Nikamwonyesha. Mungu anisamehe. Sasa ninamjua Mheshimiwa: najua bega likishuka anaelekea wapi, najua sikio lipi linaanza. Basi nikawa natangulia. Kabla hajanisukuma kushoto, mimi niko kushoto. Anapotaka kusimama, mimi nimeshasimama. Kwa mtu aliyekaa mbali, na kiti, na chai, tulikuwa tunacheza ngoma moja. Fito, ndoo, mpira, vyote. Nilitoa jasho mpaka kwenye nyusi.

Shemeji akaweka kikombe chini. Akapiga makofi! "Kumbe umemweza! Kaka angeona hivi!" Na machozi yakamlengalenga, mtu yule mgumu. Akasema basi, hauzi tena, farasi ni wangu. Lakini akaninyooshea kidole: akisikia neno moja tu, mtu ameumizwa, hata mkwaruzo, anamfuata siku ileile na lori.

Nilishukuru. Nilishukuru huku mkono unapwita ndani ya blauzi. Nilipomsindikiza getini, Mheshimiwa alitufuata nyuma, karibu, nikahisi pumzi yake kisogoni. Shemeji akasema, tazama anavyokupenda.

Kesho mtoto anakuja. Nimepanga: farasi atakaa bandani, mlango umefungwa, mtoto atamwona kwa mbali. Kesho kutwa nitaanza upya na yule mama wa kofia, dakika ya kwanza, bila kuruka kitu.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika nikiwa kwenye stoo ya malisho, nimekalia gunia la pumba. Daftari nilikuja nalo ili nipange michezo ya mjukuu, nikisubiri wafike. Simu iko juu ya cherehani.

Nilimtoa ili nifagie banda, nimrudishe kabla hawajaja. Muda ulikuwepo. Nikaingia humu kuchota pumba za kumvutia ndani. Nilipogeuka, amejaa mlangoni.

Nikamwambia rudi. Nikatikisa kamba kama kwenye video. Akapiga hatua moja kuingia. Mguu wangu ukarudi nyuma wenyewe, wala sikuuambia! Akatulia kidogo, kama anayefikiri. Kisha akageuka taratibu, akaniwekea makalio. Nikamsogelea ubavuni nimguse nyonga ili apishe. Ubao uliokuwa karibu na kichwa changu sasa ni vipande viwili.

Hana hasira. Hilo ndilo linalonitisha. Nikisimama, ananyanyua mguu wa nyuma. Nikikaa, anaushusha. Nimejaribu mara kadhaa. Nikisimama, ananyanyua. Nikikaa, anashusha. Basi nimekaa. Najifunza haraka.

Kuna kidirisha cha wavu upande wa barabara, kichwa hakipiti. Naona geti na nusu ya njia. Jirani hayupo, wamekwenda harusini. Jua limepanda. Kiu.

Nimemwimbia. Nimemtukana. Nimemwambia habari za marehemu, yote, hata ya hospitali. Sikio moja limegeuka, basi.

Gari. Labda la kupita tu.

Linapunguza mwendo. Ni lao. Nakiona kitambaa chekundu cha mjukuu dirishani, anapunga mkono hata kabla hajaona mtu.

Nikipiga kelele wasifungue, binti atajua yote. Atauona mkono. Shemeji atajua kabla ya chakula cha mchana, na lori litakuja leo leo. Pengine Mheshimiwa atabaki hapahapa alipo. Pengine wataita, wakidhani nimetoka, wangoje garini. Nasubiri kidogo nione. Kidogo tu.

Ameinua kichwa. Amesikia sauti ya mtoto.

Ameondoka mlangoni. Polepole, kama mwenye nyumba anayekwenda kupokea wageni. Anaelekea getini. Masikio ameyalaza.

Mlango wangu uko wazi. Naweza kutoka sasa hivi, nijipanguse pumba, nicheke, niseme nilikuwa namtafutia chakula. Hakuna atakayejua lolote. Binti amepitisha mkono, anatafuta komeo. Mtoto yuko mbele yake, amemtangulia mama yake.

Ita basi, wewe mwanamke, ita! Komeo limelia. Mjukuu ameingiza kichwa, anamwita Mheshimiwa kwa jina, na mimi bado ninaandika