Kwa Shee, Kuhusu Simu ya Jumamosi Ile

Mpendwa ndugu yangu Shee,

Nimekuja Pate likizo ya siku kumi, na watu wa nyumbani hawajambo. Nimekupigia simu mara tatu, hukupokea, na sikulaumu. Barua hii naituma huko Mkokoni bila bahasha. Atakayeileta na aisome akitaka, na aliye naye amsomee. Uongo wangu ulisikiwa na watu wengi, haifai kweli yake ije kwako kwa kunyemelea.

Nianzie mbali kidogo, univumilie, maana nikianza na lile lenyewe nitaishia kuchana karatasi.

Wakumbuka tulivyofika bara, kwenye shule ile ya kuwatayarisha vijana kwa chuo cha maafisa wa jeshi? Baridi ilitupokea kabla ya afande. Tulipewa jina moja sisi wawili, Wapwani, na afande akiliita tunakimbia wote, kwa kuwa kubaki nyuma kulikuwa na adhabu na kwenda bila kuitwa kulikuwa na adhabu vilevile. Blanketi langu halikukubali kukunjwa likawa na pembe nne. Ukawa unakunja lako, kisha unakunja langu, huku ukininong'oneza kwamba mke nitakayemuoa ana kazi. Siku ya kwanza ya kuogelea mwalimu alituamuru tushike ukingo wa bwawa tusizame. Wewe ulipiga mbizi ukatokea ng'ambo ya pili, ukampigia saluti ukiwa majini. Ukaadhibiwa kuogelea mizunguko ishirini, na sijapata kumwona mtu akifurahia adhabu namna ile.

Na ng'onda aliotuletea mamako Zena! Samaki mkavu ndani ya bweni la kijeshi, siku ya ukaguzi. Afande alinusa, akasimama, akanusa tena, na kwa amri yake tukapiga deki bweni zima. Mama yetu hakuwa na habari. Nasema mama yetu kwa haki, kwa kuwa mama aliyenizaa alipougua, ni Mama Zena aliyenichukua, akatunyonyesha wewe na mimi pamoja. Basi unapoisoma barua hii ujue si wewe peke yako niliyemkosea.

Jeshi ulilitaka wewe. Mimi nilikufuata tu, kama nilivyokufuata chuoni kwa mwalimu wa Kurani na kila mahali. Lakini nilipofika nikalipenda, na nikaogopa kulikosa. Ule ukuta wa mbao kwenye zoezi ndio ulionitia hofu. Sikuwahi kuupanda peke yangu hata mara moja. Wewe ulikuwa ukikaa juu yake, unanishika ukosi na kunivuta, ukiuliza kama nimekula mawe.

Jumamosi ile nilikuwa zamu ya simu ofisini. Jumapili asubuhi tungepimwa kikosi kwa kikosi, na kikosi kitakachoshindwa hakina mtu atakayependekezwa kwenda chuo. Simu ikalia, akawa ni Ami Omari, ndugu wa marehemu babako. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. Akaniambia maneno haya, na sijayasahau:

"Mwambie Shee mamake hawezi. Aye yeo. Twamngojea hata kesho adhuhuri."

Wewe na mimi tumezaliwa huku. Twajua kwamba msafiri hatupiwi msiba kwa simu. Huambiwa fulani hawezi, aje leo, ili afunge safari akiwa na moyo wake mzima, na kilio akikute nyumbani kwenye watu wa kumshika. Na kwa mgonjwa mtu hangojewi mpaka saa maalumu, Shee. Anayengojewa mpaka adhuhuri ni wa kuzika maiti.

Nikaandika kwenye daftari la zamu: mama wa Shee ni mgonjwa, aombwa nyumbani. Afande akasoma. Ruhusa ilitolewa kwa kifo tu, kwa hiyo akaniuliza waziwazi, "Amefariki?"

Nikasimama wima, nikasema, "La, afande. Ni mgonjwa."

Akasema basi utaondoka baada ya zoezi, nami nikupe habari. Sikukupa. Tulikula chakula cha mchana meza moja, ukanipa kipande chako cha nyama kwa kuwa kesho yake nilihitaji nguvu. Nikakila.

Jumapili ulinivuta ukutani, tukapita, tukapigiwa makofi. Saa hizo hapa Pate walikuwa wamechoka kutazama gatini, na mama akatiwa kaburini bila mkono wa mwanawe wa pekee. Alasiri, tukisugua viatu, ndipo nikakwambia kwamba mamako hawezi na simu ilikuja jana. Ukaiweka brashi chini taratibu. Ulijua papo hapo. Ukaniuliza kama walisema neno jingine lolote, nikasema hapana. Ukasema silaumiwi, nilitaka usipate wasiwasi kabla ya zoezi. Udhuru huo ulinitengenezea mwenyewe, nami nikauvaa.

Yaliyofuata wayajua zaidi yangu. Ulifika matanga yanaisha. Ukamuuliza Ami Omari mbele ya watu kwa nini hakusema wazi kwamba maziko yanakungojea, naye akaapa kwamba alitaja adhuhuri. Mkanipigia simu ya ofisini, sauti ikafunguliwa kila mtu asikie, nikasema niliambiwa hawezi, basi. Ukasimama ukamwambia ami yako kwamba amekuzuilia mamako. Hukurudi shuleni, nafasi yako ikapotea, ukahamia Mkokoni, na Pate hukanyagi hata Idi. Nami leo ni afisa. Nina nyota mabegani ambazo zilikuwa zako, na kila nikizifuta naona haya.

Juzi nilikwenda kumwamkia mzee. Amekonda, na macho yamepungua nuru. Akaniketisha, akaniagizia kahawa, akanishika mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, siku ile nalikwambia adhuhuri, au sikukwambia? Nambia kweli. Miaka sita najiuliza."

Mtu mzima amekaa miaka sita akitilia shaka akili yake kwa ajili yangu. Nikamwambia alisema, na kwamba nilimsikia vizuri. Nilingoja anifukuze. Akainamisha kichwa, akasema, "Alhamdulillahi. Nalidhani nimesahau." Kisha akaniuliza kama wewe wajua. Nikasema bado. Akasema habari hiyo hatakupelekea yeye, ni mzigo wa aliyeubeba.

Ndio huu. Sikukosea kuelewa, wala sikuwa mtoto. Nilijua mama yetu amekufa, nikakuficha, kwa sababu bila wewe nisingevuka ukuta.

Sikuombi uniwie radhi. Nikikuomba utaona haya kunikatalia, nakujua. Nikasirikie upendavyo, na ukitaka undugu wetu ufe, ni haki yako. Ila mzee hakukufanyia lolote. Alikungojea mpaka jamaa wakamnung'unikia kwamba anachelewesha maiti, na bado akasema tungoje kidogo. Mashua ya Pate huondoka huko asubuhi. Njoo umwamkie ami yako. Mimi nitakuwa nimekwisha ondoka, hutalazimika kuniona.

Mungu akulinde na akuzidishie.

Ni mimi, nduguyo wa kunyonya.