Mkono wa Chuma wa Meko ya Bibi

Jumamosi, 6 Julai

Mjomba amekuja, amekunywa chai, ametoa hukumu. Jumapili ya wiki ijayo anarudi na gari kumchukua Bibi akakae kwake mjini — moja kwa moja! Sababu zake: baridi ya nyumba hii, moshi wa sebuleni, na kichwa kinachomuuma Bibi karibu kila akiamka usingizi wake wa alasiri. Meko ya ukutani yatazibwa kwa matofali, nyumba ipangishwe.

Bibi alimwongezea chai tu. Mjomba alipotoka kuangalia tairi, Bibi akaninong'oneza kwamba chumba alichopangiwa huko kina dirisha linalotazama ukuta, na kwamba yeye si kabati la kuhamishwa.

Mjomba aliporudi nikasema. Mimi! Mimi ambaye mwalimu wa darasa aliniita jina miaka minne na bado hakuijua sauti yangu. Nilisema, "Mjomba, niachie mimi moto. Wiki moja."

Alicheka. Akasema haya mpwa wangu, shule umemaliza, hiyo ndiyo ajira yako ya kwanza. Lakini akija akakuta moshi, au mama yake kashika kichwa, hakuna mjadala.

Wiki moja. Naiweza.

Jumatatu, 8 Julai

Nimeanza na kuni, maana moshi wetu ni wa kuni mbichi, hilo halihitaji cheti. Zilikuwa zimelala chini kwenye udongo, zinanyonya maji kama watoto. Nimegonga mbili mbili. Kavu inalia ko! Zetu zililia bu, bu, kama mtu anayepiga godoro.

Nyuma ya banda la kuku, chini ya bati, nikakuta rundo la tangu mwaka juzi ambalo Babu, Mungu amrehemu, alipasua mwenyewe. Zote ko! Nimezihamishia barazani, nimezipanga juu ya matofali ili upepo upite katikati. Mbichi nimezipasua na kuzipanga upande wa pili, za mwakani.

Mwakani! Naandika kana kwamba Bibi atakuwepo. Na atakuwepo.

Viganja vimetoka malengelenge manne.

Jumanne, 9 Julai

Amekuja fundi wa paa. Mtaa mzima unamwita Kinyonga kwa jinsi anavyopanda ngazi: mguu, anafikiri, mguu. Bibi akamuuliza kama atafika juu kabla hajafa. Kinyonga akamjibu, "Ukifa kabla sijafika, mama, nitashuka polepole vilevile."

Amepitisha brashi ndefu ndani ya dohani, bomba la kutolea moshi. Masizi ndoo moja na nusu, na kiota kizima cha ndege! Tulikuwa tunawasha moto chini ya kiota.

Alivyonifundisha: magogo manene chini, membamba juu yake, vibanzi juu kabisa, na kiberiti kianzie juu, moto ushuke wenyewe. Kabla ya hapo nishike gazeti linalowaka kwenye koo la dohani, lipate joto, moshi ujue njia. Wavu wa chuma usitoke mbele hata dakika moja. Majivu kwenye ndoo ya bati yenye kifuniko, nje, mbali na ukuta.

Halafu akanionyesha bamba la chuma la kuziba dohani kwa ndani, na mkono wake wa kuvuta. Ukiuvuta unalia kriii, nyumba nzima inasikia. Akaniuliza huwa tunalifunga saa ngapi. Nikasema hufunga Bibi. Bibi akadakia kutoka jikoni: miali ikizima tu, anafunga, joto si la kugawia ndege! Babu ndivyo alivyomfundisha.

Kinyonga akafungua mdomo. Bibi akatokea na kikombe, akamwambia anywe chai aache maswali. Akafunga mdomo. Kumbe hata yeye anamwogopa Bibi.

Alhamisi, 11 Julai

Moto wa leo! Kiberiti kimoja. Moshi hata wa kuwasha pua haukuwepo. Gogo limeungua taratibu, na sebule ikapata joto mpaka kwenye kona ya cherehani. Bibi akavua shali, akasema Babu angefufuka kuja kuota. Miali ilipozima akafunga bamba — kriii — akalala kitini. Nami nikakaa karibu yake na kitabu.

Alipoamka alishika kichwa.

Na mimi changu kinagonga! Nikisimama naona nyota. Moshi haukuwepo hata chembe, naapa. Basi si moshi. Ni nini?

Ijumaa, 12 Julai

Nimemfuata Kinyonga kwenye nyumba anayoezeka, mtaa wa tatu. Njia nzima nilikuwa narudia swali kama shairi la mtihani. Nikafika: shikamoo fundi. Marahaba. Alingoja tu, juu ya ngazi, nyundo mkononi, mpaka sauti yangu ikatoka. Hutoka kama maji ya bomba siku ya mgao, lakini ilitoka.

Akashuka — upesi! Sijawahi kumwona akishuka upesi.

Akasema niandike, nami naandika: makaa mekundu, hata bila mwali, bado yanatoa hewa mbaya. Haionekani, hainuki. Hupandia dohani. Ukilifunga bamba, hewa hiyo mnabaki nayo chumbani. Kichwa kuuma ni salamu zake tu. Kuna wanaolala na wasiamke. Bamba lisifungwe mpaka majivu yapoe kabisa, na dirisha liachwe wazi kidogo muda wote moto ukiwepo.

Nikamuuliza mbona Bibi kafunga miaka yote hiyo na yuko hai. Akauliza madirisha yetu yakoje. Hapo nikakumbuka. Zamani yalikuwa yanapitisha upepo unaopeperusha pazia. Mwaka huu Mjomba alileta raba, akaziba kila ufa mwenyewe, zawadi kwa mama yake. Na kichwa cha Bibi kimeanza kuuma mwaka huu!

Kwa hiyo Bibi anakosea na Mjomba anakosea, na wa kuwaambia ni mimi.

Jumamosi, 13 Julai

Nimejaribu mara mbili.

"Bibi."

"Nini?"

"Chai imeiva."

Mwishowe nikamwomba leo aniachie mimi kufunga. Akasema haya, mke mwenzangu, ila usichelewe. Nimechelewa makusudi. Bamba wazi, dirisha wazi vidole viwili. Alilalamika mguu wake unapigwa upepo, akajifunika shali mbili, akalala.

Alipoamka akauliza kama kuna uji umebaki. Nikamuuliza kichwa je.

"Kichwa gani?"

Nilicheka mpaka nikaweka sufuria chini. Lakini sijamwambia. Nikitoka siku moja tu, kriii. Lazima nimwambie.

Jumapili, 14 Julai

Naandika chumbani, haraka, nimesimama.

Mjomba alifika saa nane. Akanusa sebule kama askari. Moshi hakuna. Akapapasa ukuta: una joto. Akamwangalia mama yake usoni, na mama yake akamwangalia vilevile, kavu kabisa. Nikajua tumeshinda. Begi aliloleta la nguo za Bibi bado liko mlangoni, tupu.

Kisha miali ikazima. Mjomba akasema mbona kuna ubaridi, nani kafungua dirisha, raba aliziweka za nini? Akainuka kulifunga. Bibi naye akainuka kuelekea bamba, joto linakimbia! Wote wawili kwa pamoja. Makaa mekoni bado mekundu kama jua.

Nikapiga kelele. "Hapana! Acheni! Kaeni chini!"

Kwa Bibi. Kwa Mjomba! Wakaganda. Nikasema nisubirini, nakuja na daftari niwasomee aliyoyasema fundi, neno kwa neno. Nikakimbilia huku. Ukurasa wa Ijumaa huu hapa. Naandika mistari hii huku nimetega sikio.

Nawasikia ng'ambo ya ukuta. Mjomba anauliza huyo aliyepiga kelele ni nani.

"Mjukuu wangu," Bibi anasema. "Kaa. Tumeambiwa tukae."

Kiti kimelia. Sasa cha pili.

Mkono wa chuma haujalia. Naenda.