Kazi ya Hawa

Mwajuma, mke mwenzangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Visiga wote wazima, na mihogo ya mjomba wako imekubali. Sasa sikiliza, maana nimekasirika.

Umeniandikia kwamba huko chuoni mnachungulia mnyoo, na seli zake kadhaa zinaweza kutengeneza tundu la kutagia. Seli jirani huchagua moja. Mkiichoma hiyo iliyochaguliwa, ya pembeni inashika kazi. Kwenye minyoo ya ukoo mwingine mchaguaji ni mwingine, ila tundu ni lile lile. Nimeelewa vizuri. Halafu mwenzako kaacha utafiti, mwalimu kakupa wewe, unakataa! Eti, "Bibi, ile si kazi yangu." Huna haya? Mnyoo anakushinda akili?

Kule Kisarawe mama alimfundisha ukunga dada yangu Hawa, mimi nilikuwa wa kuchota maji. Siku jirani yetu Bi Tatu alipobanwa na uchungu, Hawa alikuwa hoi kwa homa. Mama akaniita. Nikasema, "Mama, hiyo kazi ya Hawa." Akanizaba kofi. "Mtoto anatoka, wewe unauliza kazi ya nani? Shika hapa!"

Nikashika, na tangu siku hiyo sikuuacha ukunga.

Mimi kalamu siijui. Anayekuandikia haya ni huyo mtoto wa Bi Tatu niliyemdaka. Mvi zimemjaa, na hapa ananicheka. Nenda kamwambie mwalimu wako umekubali. Leo hii.

Bibi yako,
Mwanaidi