Mgomba Tuliotaka Kuuzika

Lemara, Arusha

Mdogo wangu Yasinta,

Marahaba. Najua shikamoo umeshaitoa hata barua hujaifungua, kwa hiyo naanza kupokea. Hujambo? Mgongo je? Mvua imenyesha huko Kasulu, maharage yamekubali? Sisi huku tupo, baridi ya mlima inatutafuna magoti, mimi navaa soksi za marehemu baba Elia mbili mbili. Ila mdomo bado mzima, huo unaujua.

Simu yako nikipiga haipatikani, nawe unachaji mpaka siku ya soko, ndiyo maana nimeamua barua. Anayeniandikia ni Furaha, mke wa Elia, yule Mkongo aliyekuja naye enzi zile anaendesha malori. Nilitaka nitafute mtu mwingine, maana habari yenyewe inamhusu yeye na mkosaji ni mimi. Akasema, "Mama, sema tu, nitaandika." Haya, andika hivyo hivyo, Furaha, usinilainishie.

Kwao kuna vita, hilo unalijua kuliko mimi, wanaokimbia wanavuka ziwa wanakuja huko kwenu. Kambi aliyokuwamo mama yake, Nabintu, ilipigwa mabomu wakati kahawa inachanua. Sasa tumeshavuna, tumeanika, na simu ya mama haiiti. Hakuna aliyesema amekufa, hakuna aliyesema yuko.

Kinamama wa kanisani tulilia, Yasinta, tulilia kama wa kwetu. Tukakubaliana kila Alhamisi tuvae nyeusi, tusimame barabarani na mabango, watu waone kwamba wanauawa wasio hata na fimbo. Mtendaji wa kata akaja, akasema mkisimama kimya hayo ni maandamano, yanataka kibali, ila mkiimba ni maombi. Basi tukaimba. Alhamisi ya kwanza tulijaa mpaka magari yakapunguza mwendo. Nami nimeinua bango langu juu kwa nguvu zote, mtu akaniambia, "Bibi, umelishika miguu juu." Nikamwambia na dunia iko hivyo hivyo, lisome.

Lakini kila wiki redio inaleta wengine. Leo Kongo, kesho Sudani, kesho kutwa wale watoto wa Gaza wamefungwa shuka nyeupe kama mikate. Nikaanza kumwambia Elia, badilisha, weka kwaya. Naona aibu kusema. Moyo ukawa kama mkono uliobeba ndoo kutoka mbali, unafika nyumbani hauusikii tena. Wenzangu nao wakapungua, huyu ana mkutano wa kikoba, yule anapalilia, mwingine alikuja na mahindi yake ya kuchoma kabisa, anaimba huku anageuza. Tukabaki sita. Bwana mmoja wa bodaboda akatupigia kelele, "Bibi, vita viko Kongo, nyie mko Lemara, mnamlilia nani?" Nikamjibu, "Na pikipiki ni yako, mbona kelele iko masikioni kwangu?" Walicheka, lakini siku ile nilirudi nimechoka mpaka mifupa.

Ndipo Mama Anaeli, mwenyekiti wetu, akasema, "Jamani, msiba gani hauna mwisho? Hata Mungu siku ya saba alipumzika. Tuanue matanga." Huku wazee wanasema mtu akifia mbali mwili usipatikane, unakatwa mgomba, unavishwa sanda, unazikwa, watu wanaoga wanarudi kwenye kazi zao. Tumzikie Furaha mama yake, na wale wengine wote humo humo. Na mimi, Yasinta, nilisema ndiyo. Wa kwanza kabisa. Nikapanda mpaka kwa shemeji kule mlimani, nikachagua mgomba mimi mwenyewe, mnene, nikauvika shuka yangu mpya. Furaha sikumwambia. Nilijiambia namtua mzigo. Uongo, nilikuwa najitua mimi.

Furaha alirudi kutoka mtaa wa Sokon kwenye cherehani yake, akakuta shimo nyuma ya nyumba, akatukuta tumekaa kwenye mkeka na lile shina katikati. Akaniangalia mimi tu.

"Mama, nani aliwaambia eti mama yangu alikufa?"

Nikasema, mwanangu, ni miezi sasa.

"Nimeuliza nani aliwaambia."

 Akaivua ile shuka taratibu, akaikunja, akaniwekea mapajani. Akachukua panga, akaukatakata ule mgomba vipande, akambebea ng'ombe bandani. Na ng'ombe akala! Mama Anaeli akashika kichwa, "Yesu wangu, amelisha msiba!" Mimi kicheko kikanitoka, nikashindwa kukizuia, halafu kikageuka kilio. Shimo Elia alilifukia jioni ile ile.

Furaha anaweka kalamu chini. Ngoja.

Haya, ameishika. Alhamisi iliyofuata alienda kusimama peke yake. Nikatafuta soksi zangu nikamfuata. Tulikuwa wawili, na ingawa hatukuimba, mtendaji alitupita akatazama pembeni. Magoti yaliniuma, sikatai, na sijui kama kuna bomu moja limezuiwa na magoti yangu.

Sasa nakuomba. Nenda hapo kambini wanapopokelewa wanaovuka. Ulizia Nabintu. Ni mrefu, kidole gumba cha kushoto hakina kucha, na akihadithia anacheka kabla hajafika panapochekesha. Usiulize kama amekufa. Uliza nani alimwona, na alikuwa anaelekea wapi.

Msalimie shemeji yangu mumeo, mkwe wako yule mpole, na shangazi yetu kama bado anakataa miwani. Elia anakuamkia. Baba paroko mwambie anikumbuke.

Ukipata neno, zuri au baya, mwandikie Furaha, jina lake juu ya bahasha. Mimi usiniandikie. Nilishamjibia mara moja, kwa ule mgomba.

Dada yako wa tumbo moja,
Mama Elia
(hapa nimebonyeza kidole)