Kwa Laurean, Aliyefunga Duka kwa Kila Msiba

Mwaka mmoja umetimia, Baba Valentine, tangu moyo wako usimame ghafla nyuma ya kaunta pale Edmonton, London. Watu wanasema muda huponya. Mkeo Haika anasema hao hawajafiwa.

Duka uliachiwa na mzee Tony, Mwairishi uliyemfanyia kazi tangu ulipofika London. Yeye alikulia dukani kwa baba yake, kijijini Ireland, enzi ambazo wanawake walileta mayai na siagi wakaondoka na chai na sukari. Misumari, mbegu, buti, vyote viliuzwa chini ya paa moja. Jeneza likipita, kila mwenye duka alifunga mlango hadi lipotee machoni, hata wale waliokuwa hawasalimiani. Alipokusimulia hayo, ulicheka: "Mzee, na kwetu Bukoba ni hivyo hivyo. Penye msiba jembe halishikwi."

Basi ukaishika desturi ile. Gari la maiti likitokea, ulishusha mlango wa chuma na kuwaambia waliokuwa nje: "Samahanini, subirini kidogo, kuna mwenzetu anapita." Wengine walikasirika wakahamia supamaketi. Hukujali. Ulikuwa mkaidi, tuseme ukweli, nasi tulikupenda na ukaidi wako.

Siku yako, Haika alimwomba dereva apitie dukani. Suhaib wa mikate, mliyegombania naye maegesho miaka nenda miaka rudi, alikuwa amefunga, amesimama nje ameinamisha kichwa. Champa mshonaji naye alifunga. Lako lilikuwa wazi. Mteja alitoka na maziwa, akasimama kupisha jeneza la mwenye duka.

Ndani ya gari, Haika alimgeukia mwanao. "Valentine, dukani kuna nani?"

"Nimemwachia Armelle, Mama. Saturday ndiyo busy. Dad would understand."

Uchungu ule haujamtoka Haika mpaka leo, na anajiuliza ni wapi mlikosea kumlea.

Jumamosi hii, saa tano asubuhi, ataushusha mlango ule kwa mkono wake. Valentine ameshaambiwa. Ameomba tungoje jioni, wateja wakipungua. Hatungoji.

Unakumbukwa na mkeo Haika, binti yako Generosa, shemeji yako Elinaja, na Suhaib na Champa, ambao tangu siku ile ni ndugu zetu. Na Valentine, aliyeomba jina lake liwemo.

Tutakukumbuka daima, Laurean. Wateja watusamehe, wasubiri kidogo. Kuna mwenzetu anapita.