Sahihi Juu ya Masanduku Yaliyofungwa

Mji wa Kale, Mombasa

Mjukuu wangu Salma,

Assalamu alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Bibi yako karudi kutoka sokoni Marikiti sasa hivi, anazilaumu embe alizochagua mwenyewe. Asiyetulia ni mimi. Tangu barua yako ifike nakaa, nainuka.

Unauliza kwa nini hesabu za serikali mnazosomeshwa huko Nairobi hutaja hata chaki za shule, lakini ulinzi ni mstari mmoja tu. Sikiza.

Uhuru ulipokuwa mchanga nilikuwa karani wa ghala la serikali. Kanuni yetu ilikuwa kufungua, kutazama, ndipo kutia sahihi. Siku moja lori likaleta masanduku ya jeshi. Nilipochukua nyundo, afisa aliyekuja nayo akanishika mkono. "Haya ni siri, kijana. Tia sahihi." Nikatia.

Baadaye akaja mkaguzi wa hesabu, Bwana Rajabali.

"Uliona kilichomo?"

"Ni siri, bwana."

"Siri hufichwa adui. Wewe ni adui?"

Akaomba ruhusa ayafungue, akanyimwa. Akavua miwani, akaifuta, akaifuta tena, kisha naye akatia sahihi chini ya yangu. Mstari ule mmoja wa ulinzi ukapelekwa bungeni, umeshakaguliwa.

Miaka thelathini sasa, sijui masandukuni mle mlikuwa na nini. Pengine mabuti mazuri tu. Lakini wewe wasomea ukaguzi. Ukiikuta karatasi ile tuliyotia sahihi, jina la juu ni langu. Usinionee haya, mjukuu wangu. Niulize.

Babu yako