Mikunjo Elfu Mbili kwa Siku

Jumatatu, 7 Januari 2019

Nimepata kazi! Na miaka yangu sitini na mmoja, na goti linalolalamika baridi ikizidi. Kazi yenyewe — kukunja na kukunjua. Basi. Kutwa nzima.

Miaka ishirini na miwili nimepika kantini ya kiwanda hiki hiki cha simu hapa Gumi, Korea Kusini. Aprili wakaniaga kwa keki na maua. Leo nimerudi kwa mlango wa mbele, ule wa wahandisi. Wamenipa ndara za bluu na koti jeupe. Nimejitazama kwenye kioo cha lifti — daktari mtupu!

Tuko wanawake sita, kila mtu na meza yake, na kila meza na simu moja isiyo na jina. Ukiifungua, pana kama daftari. Ukiikunja, nene kama kipande cha sabuni. Kioo chenyewe ndicho kinachopinda. Nimeshika pumzi mara ya kwanza, nikidhani naivunja.

Anayetusimamia ni Mhandisi Seol Gayeon. Namjua. Enzi zangu nilikuwa namwekea yai la ziada, maana alikuwa mwembamba kama kijiti cha kulia. Sasa ana miaka thelathini na minne, na bado ni kijiti. Akasema tukunje kama tunavyokunja nyumbani. Nikamwambia nyumbani mimi nakunja nguo. Akacheka mpaka akashika meza.

"Hivyo hivyo, Shangazi Tak. Usiionee huruma."

Elfu mbili kwa siku. Tuna kidude cha kuhesabia, kila mkunjo — tak! Mama Eom, jirani yangu wa meza, msusi mstaafu, anasema kidude kinaniita jina langu.

Nimesaini karatasi kwamba sitamwambia mtu. Hata mume.

Jumanne, 8 Januari

Baba Hyeri hajalala vizuri kwa udadisi. Asubuhi kaanza: ni pochi? Ni miwani? Ni meno ya bandia? Nikamwambia kula uji wako. Akasema mke wake amekuwa jasusi uzeeni na bado hajui kuegesha gari.

Vidole gumba vinaniuma. Sijamwambia.

Alhamisi, 10 Januari

Sasa najua kwa nini wametuita. Nyuma ya ukuta wa kioo kuna mashine inayokunja simu kama hizi bila kupumzika. Lengo lake mikunjo laki mbili. Inakunja sawasawa, katikati kabisa, kila mara vile vile. Tumeibatiza jina: Mkwe. Haichoki, haijibu, haiombi chai. Mama Eom anasema angempata wa hivyo kwa binti yake asingeuliza hata ukoo.

Lakini watu hawakunji kama Mkwe. Mimi nakunja na dole gumba la kulia, upandeupande. Mama Eom anaifunga kwa kishindo kama anayemkatia simu mteja msumbufu. Ndiyo maana tuko hapa.

Katikati ya kioo pana mstari, kama wa pasi kwenye suruali. Ukiitazama mbele huuoni, ukiinamisha dirishani unauona. Nilipouonyesha, Mhandisi Seol aliona haya, kama vile nimemwonyesha soksi yake imetoboka.

Mchana alikula nasi, simu yake mkononi, anasoma maneno ya watu mtandaoni. Simu haijaingia dukani na tayari watu wanaicheka! Itakatika katikati. Itapinda kama godoro la wageni. Mmoja kaandika kwamba anayeinunua anunue na gundi. Nikamwambia acha kusoma. Akasema hawezi. Miaka mitatu ameitengenezea bawaba hiyo simu. Harusi yake ameiahirisha mara mbili kwa ajili yake! Sasa imepangwa tarehe 11 Mei, simu ikishatoka.

"Na bwana harusi anasemaje?"

"Anasema mimi nimeolewa na bawaba."

"Basi mkunje naye azoee."

Akapaliwa na supu. Nimempiga mgongoni.

Jumatano, 16 Januari

Mungu wangu!

Niandike upesi, kabla sijaanza kujitetea mwenyewe.

Hairuhusiwi kula mezani. Imeandikwa ukutani kwa herufi nyekundu. Lakini saa nne na nusu mimi huwa na njaa, tangu kantini, mwili umezoea kuonja. Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na mwani wa kuchoma, wangu mwenyewe, nimeupaka mafuta na kuunyunyizia ufuta. Kipande kimoja. Viwili. Mama Eom naye nikampa, akala akitazama dari kama mtakatifu.

Tukaendelea. Mkunjo wa 811 — nikasikia kitu. Krik. Kidogo sana, kama unapokanyaga ganda la yai na soksi. Nikafungua. Karibu na bawaba kioo kimevimba, kajipu kadogo. Nikakunja tena, nikidhani kitarudi. (Mjinga!) Nikafungua — mstari wa kijani kutoka juu hadi chini, halafu nusu nzima ya kulia ikawa nyeusi. Ti!

Mhandisi Seol alikuja mbio. Hakunigombeza. Aliinama, akauliza taratibu kama kuna kitu nimefanya tofauti.

Nikasema hapana.

Mama Eom alikuwa anakunja kwa bidii kama mtu anayelipwa kwa mkunjo.

Alhamisi, 17 Januari

Sikula asubuhi. Baba Hyeri kauliza kama jasusi amekamatwa. Nimemkaripia bure.

Alhamisi hiyo hiyo, jioni, baada ya kazi

Aliniita kwenye chumba kidogo. Kwenye kompyuta paliwekwa picha ya kitu kikubwa, cha mviringo, kina ncha, rangi ya dhahabu. Kama tikiti.

"Shangazi, tumeifungua simu. Hiki kilikuwa ndani, kati ya bawaba na kioo. Unakijua?"

Mtu aliyekaanga ufuta miaka ishirini na miwili, asiujue?

"Ni ufuta," nikasema. "Umekaangwa vizuri."

Halafu nikaeleza yote. Kwamba nilikula, kwamba nilidanganya, na kwamba naweza kurudisha ndara leo leo. Mama Eom sikumtaja.

Na yeye — akacheka! Si kwa furaha hasa. Alikaa akashika kichwa, akacheka, halafu macho yakamjaa maji. Mkwe amefika laki moja na elfu sitini bila kasoro, akasema, kwa sababu Mkwe anaishi chumba kisicho na vumbi. Mimi nimemaliza mambo kwa vitafunio. Pembeni mwa bawaba pana uwazi mwembamba kuliko ukucha, wao walijua upo, walidhani hautaingiza kitu.

"Watu wanakula, Shangazi."

"Wanakula," nikasema.

Akaandika ripoti mbele yangu. Kesho inakwenda juu, kwa wakubwa.

Jumatatu, 21 Januari

Juu kumeshuka. Mkurugenzi Maeng mwenyewe, ana kwa ana! Hufuta miwani kwa tai, na tai nzuri kweli. Enzi za kantini hakumaliza wali hata siku moja.

Kasimama mezani kwangu. Wenzangu wote wakawa wanakunja kimyakimya, tak, tak, tak, masikio yamesimama.

"Mama, ulikula ndani ya maabara?"

"Nilikula, Mkurugenzi."

"Unajua hairuhusiwi?"

"Najua. Naomba radhi."

Akamgeukia Mhandisi Seol. Basi jaribio hilo halihesabiki, akasema. Sheria imevunjwa, matokeo yanafutwa. Si simu iliyoharibika, ni mjaribu aliyekosea.

Nilikuwa sijawahi kuona ukweli unatumika hivyo. Ningeendelea kudanganya, ufuta ungehesabika. Nimesema kweli, ufuta umefutwa!

Mhandisi Seol alisema, kwa heshima kabisa, kwamba wanunuzi hawatasomewa sheria za maabara. Alisema bawaba inahitaji kifuniko kidogo pembeni, labda wiki nane. Mkurugenzi akasema wiki nane hazipo. Tarehe ya Aprili imetangazwa. Wapinzani wanasubiri tujikwae. Akafuta miwani, akaondoka.

Jumatano, 23 Januari

Wameleta fomu. "Hitilafu iliyosababishwa na mjaribu." Sehemu mbili za kusaini: mjaribu na mhandisi. Ya mhandisi iko tupu.

Nikamuuliza Mhandisi Seol mbona hajasaini. Kasema kalamu imeisha wino. Ana kalamu nne mfukoni!

Nikamwambia mimi nitasaini, kosa ni langu kweli, yasimharibikie kazi yake. Akaikunja fomu mara mbili, akanirudishia.

"Shangazi, ukisaini, simu inatoka Aprili na mimi naolewa Mei. Usiposaini, labda itachelewa, na nitaambiwa nisitoke hapa mpaka kiangazi. Nimepiga hesabu zote hizo. Ndiyo maana sitaki kukwambia ufanye nini."

"Na mchumba?"

"Nimemweleza. Halafu akauliza kama ufuta ulikuwa mtamu."

Huyo asimwache. Nimemwambia hivyo.

Ijumaa, 25 Januari

Leo nimefanya jambo. Naandika kituoni nikisubiri basi, maana nyumbani nitaulizwa.

Mchana nilikwenda kantini, nikapita nyuma ya kaunta. Mpishi aliyechukua nafasi yangu alikuwa mwanafunzi wangu, hakuthubutu kunizuia. Nikashika upawa. Mkurugenzi Maeng akafika na sinia, anatazama supu, akainua macho.

"Mama? Umerudi jikoni?"

"Leo tu, Mkurugenzi. Nimekuwekea nyama mbili."

Akashukuru. Foleni nyuma yake ndefu, watu wanasikiliza. Nikasema, polepole, na upawa mkononi, kwamba nimeleta fomu yake ila sijasaini. Kwamba kosa la kula ni langu na nimelikubali. Lakini hapo kwenye karatasi pameandikwa kwamba simu haina kosa, na hilo silijui. Mimi mpishi. Siwezi kusaini chakula ambacho hakijaonjwa.

"Kimeonjwa mara laki moja na elfu themanini, Mama."

"Na Mkwe. Mkwe hana mdomo."

"Mkwe ni nani?"

Mtu kwenye foleni akacheka, akajidai anakohoa. Nikaeleza. Mkurugenzi naye alitikisika mdomo upande mmoja. Nikaona hapo hapo pa kuingilia.

"Chukua moja, Mkurugenzi. Sikukuu ya Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi inakuja. Nenda nayo kwa wazazi, kaa nayo mezani, ipige picha familia, iweke mfukoni. Ukirudi nayo nzima, nasaini siku hiyo hiyo, na namshawishi na Mhandisi Seol."

Supu inamwagika kwenye sinia yake, mimi sijui kama bado namimina.

"Mama, supu," akasema.

Nikaacha. Akachukua sinia. Alipofika hatua tatu akageuka, akasema simu hazitoki nje ya jengo bila saini ya mkurugenzi.

Akaenda kukaa. Nimechukua muda kuelewa kwamba mkurugenzi ni yeye.

Alhamisi, 31 Januari

Mkurugenzi kaichukua simu leo. Mhandisi Seol alimkabidhi kwa mikono miwili, kama mama anayempeleka mtoto kwa bibi. Kauliza kama kuna maelekezo. Akamwambia hakuna, Mkurugenzi, tumia tu. Mama Eom akaninong'oneza tungempa na mwani. Nimemfinya.

Jumanne, 5 Februari

Mwaka Mpya. Supu ya vikate vya mchele, wageni kumi na moja, goti limevimba. Hyeri, mwanetu, kaja kutoka Busan. Kila mtu mezani na simu yake kando ya bakuli. Nimekaa nahesabu nani ameshika simu na vidole vya mafuta: tisa. Mdogo wake Baba Hyeri kaiegemeza yake kwenye sahani ya maandazi ya nyama ili atazame mpira!

Baba Hyeri kaniona natazama. Kasema amekwisha jua kazi yangu: nafanyia wizara ya afya upelelezi.

Nilimfikiria Mkurugenzi. Nikajikuta nataka simu iwe nzima. Kweli! Kwa ajili ya Mei, kwa ajili ya yule msichana. Na wakati huo huo sitaki. Sijui mtu huombaje hapo.

Alhamisi, 7 Februari

Kazi imeanza tena. Mikunjo 2,000. Mkurugenzi hakuonekana. Mkwe amefika laki mbili, wahandisi walipiga makofi, Mhandisi Seol alipiga kidogo.

Ijumaa, 8 Februari, saa nne asubuhi

Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha mikutano, juu kabisa, ghorofa ambayo sijawahi kufika. Zulia laini mpaka ndara zinazama. Waliniita nikiwa mezani, bila maelezo. Fomu ninayo mfukoni, na kalamu nimeazima.

Mhandisi Seol yuko ndani na wengine sita hivi. Kapita bila kunitazama. Kapaka rangi ya mdomo — siku ya kazi! Sijui ya kushangilia au ya kujikaza.

Mkurugenzi Maeng kaja mwisho, peke yake. Nikasimama, nikainama. Naye akainama, zaidi kuliko kawaida yake. Mikono yote miwili mbele. Ameishika simu ikiwa wazi, sawasawa, kama mtu anayebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni. Kioo kimemtazama yeye, mimi sikukiona. Nikasubiri aifunge aiweke mfukoni, maana ndiyo maana ya simu yenyewe. Hakuifunga.

Akasimama karibu yangu. Akasema kwa sauti ya chini:

"Mama, ile yako. Ulisikia kwanza, au uliona kwanza?"

"Nilisikia, Mkurugenzi."

"Halafu ulifanya nini?"

"Niliikunja tena. Ndilo kosa."

Akatikisa kichwa polepole. Alitaka kuuliza jambo jingine, nikaliona mdomoni, likarudi. Kaingia, mlango kausukuma kwa bega.

Sasa dakika kumi. Huko ndani hakuna anayepiga kelele, hakuna anayecheka. Mara moja nimesikia sauti ya Mhandisi Seol, imetulia, inahesabu wiki. Moja, mbili, tatu… nilipoteza hesabu ilipofika —

Mlango umefunguliwa. Ni Mhandisi Seol. Anasema, Shangazi, ingia, na uje na ile fomu, haitasainiwa tena.